Matabishi ya Mwanga

Nyinyi mnaoanza leo kazi hii ya kutibu ngozi kwa mwanga, mkiwa na barakoa za LED mlizoagiza kwa simu na picha za sura zinazong'aa ukutani, mnanijia nyumbani na swali lile lile: Maman Béa, dakika ngapi? Mnataka namba. Na mimi niliyeshika taa hizo mpaka magoti yakanifukuza kazini, nikianza kuwajibu najikuta nazunguka. Nasema inategemea. Mnatazamana. Najua mnachofikiri: huyu bibi amesahau kazi yake. Sijasahau. Sikuwahi kuielewa vizuri, na nataka niwaonyeshe ni wapi hasa nilipotea, ili nanyi mkichanganyikiwa msidhani ndinyi wa kwanza.

Nilianza kama muuguzi wa kufunga vidonda, na huko mambo yalikuwa wazi. Kidonda kinafungwa, kinafunguliwa, kinanuka au hakinuki. Kisha Docteur, daktari wa ngozi niliyekuwa nikimsaidia hospitalini, akafungua kabineti, yaani kliniki yake mwenyewe, katika nyumba moja ya mtaa wa Golf hapa Lubumbashi, na kutuita watu wawili: mimi na Solange. Solange alisomea urembo, ana mikono laini na mdomo usiopumzika. Siku taa ilipofika tuliizunguka watatu na hakuna aliyejua aanze kuishika wapi. Ilikuwa ubao uliopinda, umejaa vijitaa vidogo kama punje za mahindi. Vingine vya bluu, vingine vyekundu, na vingine hata vikiwashwa huoni kitu.

"Hizi zimekufa," Solange akasema. "Batu batatuibia mpaka lini?"

Docteur akatoa simu yake, akavitazama kupitia kamera, na kwenye kioo vikaonekana vinawaka zambarau hafifu. Kumbe vilikuwa vinatoa mwanga ambao jicho la mtu halina habari nao. Tangu siku hiyo nikaanza kuishuku taa ile. Kitu kinachowaka halafu kinajificha, mimi sikiamini haraka.

Kwenye boksi waliandika wati nyingi, na Solange akafurahi. "Inapita fer à repasser, inapita pasi!" Kumbe hizo zilikuwa wati za umeme ambao taa inakula ukutani. Sehemu yake inageuka mwanga, sehemu inageuka joto, sehemu inazungusha kile kifeni cha nyuma kinacholia kama nzi kwenye chupa. Kinachofika kwenye ngozi ni habari nyingine kabisa. Karatasi iliyokuja na taa ilitaja namba ya habari hiyo pia, lakini ukisoma chini, kwa maandishi ya kuumiza macho, unakuta walipima kipimo kikiwa kimegusana na taa. Sisi mteja tunamlaza mbali kidogo, ana pua, anahitaji kupumua.

Docteur alijaribu kutuelewesha, na namshukuru kwa maneno yake kwa sababu ndiyo pekee yaliyonibaki kichwani.

"Mwanga njo maji," alisema. "Robinet inatoa nguvu, ile njo wati. Unaiacha wazi dakika ngapi? Ile njo wakati. Maji yenye kuingia mu bidon, njo joule. Peau inataka bidon moja. Hapana mbili."

Robinet ni bomba la maji, peau ni ngozi, na njo yetu ni ndiyo. Na bidoni lenyewe, hilo dumu, ni dogo. Ni sentimita moja ya mraba, karibu ukucha wa kidole gumba. Kila ukucha wa ngozi ya mteja una bidoni lake, na taa inayajaza yote kwa pamoja. Basi tuseme miliwati thelathini zinaangukia kila ukucha, na umeacha taa iwake dakika kumi, yaani sekunde mia sita. Unazidisha, kisha unagawa kwa elfu moja kwa sababu ya ile mili, unapata joule kumi na nane kwa kila sentimita ya mraba. Hesabu ya mtoto wa shule. Kazi ni kuipata ile thelathini, na mimi niliitafuta mpaka nikastaafu.

Sasa niwaeleze habari ya Espérance, maana bila yeye ningeishi na ujinga wangu kwa amani.

Espérance alikuwa akiuza vitenge katikati ya mji, mwanamke mrefu, mcheshi, asiyependa kuzungushwa. Alikuja kwetu kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi na poda imekandikwa juu ya poda. Alikuwa amejipaka mafuta ya kujichubua tangu alipokuwa sekondari. Kilichomwachisha hakikuwa hotuba ya daktari. Siku moja alimkuta binti yake Plamedi, mtoto wa shule ya msingi, nyuma ya mlango, amejipaka mafuta ya mama yake usoni, mikononi, mpaka tumboni. Alipomuuliza anafanya nini, mtoto akamjibu kwa furaha kabisa: "Miye pia minataka kuwa muzuri sawa weye." Espérance akabeba makopo yote akayatupa chooni. Baada ya hapo uso wake ukageuka. Chunusi zikapanda kila mahali, ngozi ikawa inamwasha, na ile rangi aliyoizoea ikaanza kuondoka vipande vipande.

Alitueleza hayo yote siku ya kwanza, kisha akatuwekea masharti.

"Maman, sitakuongopea. Kama ile lampe inashindwa, miye minarudia mafuta yangu. Siwezi kuuzisha bitambaa na sura ya hivi. Na kama minarudia, mutoto naye atafwata."

Basi kila alipolala chini ya taa, niliona ni kama wamelala wawili. Plamedi mwenyewe alikuwa anangoja barazani na daftari lake la shule, kwa sababu mama yake hakutaka amwone bila poda. Hata nyumbani, aliniambia, alikuwa anaamka kabla ya mtoto ili ajipake. Nilimhurumia sana, na nilitaka taa ile ifanye kazi kuliko nilivyowahi kutaka kidonda kifunge.

Hapa lazima nieleze matabishi, kwa ajili ya msomaji wa mbali, maana wa Lubumbashi amezaliwa nayo. Ukinunua unga sokoni, muuzaji anakupimia kwa kopo, anasawazisha, kisha anakuongezea konzi moja juu. Hiyo konzi ndiyo matabishi. Asipokuwekea, kesho unanunua kwa jirani yake, na una haki. Sasa wateja wetu walikuwa watu wa hapa hapa. Taa ikizima, hawaamki. Wanabaki wamelala na miwani yao ya kuzuia mwanga, wanasema kwa sauti ya utaratibu, "Maman Béa, na matabishi?"

Tulikuwa tunatoa. Dakika moja kwa mgeni, mbili kwa aliyezoeleka, na kwa mama mtu mzima unaacha mpaka aseme mwenyewe inatosha. Solange ndiye alikuwa hana breki, anagawa mwanga kama yuko harusini. Docteur alijua na hakukataza, kwani hata yeye nimemsikia akidai nyanya za juu kwa muuzaji wa mlangoni mpaka nikaona aibu. Tena unga unaisha, mwanga hauishi. Nani angemnyima mtu kitu kisichoisha? Ile habari ya bidoni moja, hapana mbili, tuliisikia wote, tukaikubali wote, na hakuna aliyeiunganisha na matabishi. Sijui kwa nini. Nimefikiri mara nyingi na sijui.

Turudi kwenye ile thelathini. Mara ya kwanza kuitafuta tulitumia simu. Kuna programu ya kupima mwanga, Solange aliipakua. Tukaiweka chini ya taa ya kawaida ya ofisini, ikatoa namba kubwa. Chini ya vijitaa vyekundu na vya bluu, namba ndogo. Chini ya vile visivyoonekana, sifuri. Kwa mujibu wa simu, tungewalaza wateja chini ya taa ya ofisi na kuuza ubao ule. Baadaye tulielezwa kwamba kipimo kile kinahesabu kwa ladha ya jicho la mtu, na jicho linapenda kijani na njano, nyekundu na bluu linazipunja, na ule mwanga usioonekana linaukana kabisa. Kinafaa kwa mtu anayetaka kujua kama darasa lina mwanga wa kusomea. Mkikiona kwa mwenzenu anayetibu ngozi, mwambieni.

Mara ya pili alikuja Papa Marcel. Huyu alikuwa fundi wa paneli za jua, na kwa jinsi umeme ulivyokuwa unakatika, hakuna paa la Golf ambalo hakulipanda. Alikuja kukaza paneli zetu, ana kipimo cha manjano mfukoni mwa kombati. Akatuonyesha uani, saa sita mchana, jua limesimama: karibu wati elfu moja kwa kila mita ya mraba. Docteur akaruka kwa furaha. Akatuambia tugawe kwa kumi tupate miliwati kwa sentimita ya mraba, yaani lile jua la uani ni kama mia moja kwa kila ukucha. Solange akagawa kwa mia, akatangaza kwamba jua la Katanga ni la kumi tu, na Papa Marcel akamtazama kama mtu aliyetukana familia yake.

Kisha akakiingiza kipimo chini ya taa yetu. Nyekundu na zile zisizoonekana zikapita jua.

"Eeh! Maman, muko na jua mu nyumba!"

Akageuza kwenye bluu. Namba ikashuka mpaka akakigonga kipimo kwa kidole, akidhani kimekwama.

"Hii ya bleu inalala," akasema kwa huruma. "Hakuna kintu pale."

Mnaona jinsi inavyoonekana ya maana? Bluu ndiyo tuliyokuwa tunampa Espérance kwa ajili ya chunusi. Kipimo cha fundi anayeheshimika kinasema bluu ni dhaifu. Robinet dhaifu, basi iache wazi zaidi bidoni lijae. Docteur akaongeza dakika za bluu, hesabu ikiwa imeandikwa safi, na sisi tukaongeza matabishi yetu juu ya zile dakika. Kila mtu alikuwa anamtakia mema.

Kipimo kile Papa Marcel alituazima, na sisi tukakipenda kupita kiasi. Siku moja akaja bibi mmoja ametoka moja kwa moja kwenye sherehe ya wajukuu wake mapasa, yaani mapacha, uso umepakwa pemba, ule udongo mweupe, na hataki kuufuta kwa sababu furaha haifutwi siku hiyo hiyo. Tukamlaza hivyo hivyo. Solange akaweka kipimo kando ya shavu lake kikiangalia shavu, namba ikaruka juu kuliko siku zote, akaanza kushangilia kwamba taa leo ina nguvu. Ilikuwa pemba inarudisha mwanga wote ulikotoka. Bibi yule aliondoka ameshapata usingizi mzuri, na ngozi yake sidhani kama ilipata habari yoyote.

Nikiwa bado nakumbuka, haya ni ya mikono na hayana utata. Pimeni pale ngozi itakapokuwa, si mdomoni mwa taa. Sisi tulikata kijiti cha fito kwa urefu tuliouchagua, tukawa tunakisimamisha kati ya taa na shavu kabla ya kuwasha. Msipime taa ikiwa baridi, kwa maana ikipata joto inapungua nguvu kidogo kisha inatulia, na hiyo ya kutulia ndiyo ya kwenu. Pimeni katikati na pembeni pia. Katikati palikuwa na karibu mara mbili ya pembeni, kwa hiyo pua na mashavu yanakula, masikio yananyimwa. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linakaa kwenye plastiki ya taa, lifuteni. Ufuteni na uso wa mteja, poda yote, mafuta yote, hata akikununia. Na miwani, kila mteja, kila mara.

Tulifanya hayo yote kwa Espérance. Chunusi zikaanza kukauka, tukafurahi. Lakini kwenye mifupa ya mashavu, pale palipokuwa karibu zaidi na taa, pakaanza kuonekana weusi. Kwanza kivuli, kisha madoa. Nilimfuta poda kwa pamba na kuyaona, nikaendelea kufuta kana kwamba ni poda. Solange akayaona, akanyamaza, na Solange akinyamaza ujue mambo ni mabaya.

Espérance akauliza mwenyewe, bado amelala.

"Maman Béa, unione vizuri. Niko naungua?"

"Ulisikia moto?"

"Hapana. Hata kidogo. Mais nionee huku." Akagusa shavu. "Jirani amenipatia mafuta. Kopo ya mupya. Iko mu sac yangu, sijaifungula. Nitakuya mara moja tena, mara moja tu. Kama hamuna jibu, nitaifungula."

Alipotoka barazani alimshika Plamedi mkono na kitambaa kimeshuka mpaka karibu na macho. Niliwatazama mpaka wakapotea kwenye kona.

Docteur ndiye aliyempigia simu Clarisse, binti wa dada yake, assistante, mhadhiri msaidizi wa fizikia, kule Kasapa kwenye chuo kikuu. Clarisse akaja na kisanduku na kidude cha mviringo, cheusi tititi, chenye waya. Papa Marcel naye aliitwa, akaja amevaa shati la kutokea, maana alisikia kipimo chake kinashtakiwa.

"Hii haitazame rangi," Clarisse akatueleza akionyesha kile cheusi. "Bleu, rouge, ya kuonekana, ya kutoonekana, yote ikifika pale inageuka moto. Njo ule moto tunapima."

Tukaacha taa ipate joto, tukaweka kijiti, tukapima. Nyekundu ikatoka chini ya ile ya Papa Marcel. Bluu ikatoka zaidi ya mara mbili. Tukarudia. Zaidi ya mara mbili tena.

"Ya kwangu haiongope," Papa Marcel akasema. "Kila siku minapima jua na hii."

"Juu ya jua, papa, iko vrai, iko kweli," Clarisse akamjibu kwa adabu. "Ilifundishwa jua tu. Jua iko na rangi zote pamoja, na ile kipimo inajua kuzihesabu kwa pamoja. Ukiipatia rouge peke yake, inapenda sana, inazidisha. Ukiipatia bleu peke yake, inasikia nusu."

Papa Marcel akakigeuzageuza kipimo chake mkononi. Nilimwonea huruma, alikuwa ametusaidia kwa moyo safi. Nikamgeukia Clarisse.

"Basi ya kwako njo ya kweli?"

Msichana akacheka kwa aibu. "Tantine, hii nayo, tangu niko étudiante hakuna mutu mwenye aliilinganisha na ingine. Inaweza kuwa inapitisha kidogo, ao inapunguza. Sitaapa."

Wanangu, nilitaka kulia. Simu inasema hivi, kipimo cha jua kinasema vile, kidude cheusi kinasema hivi na mwenyewe hataki kuapa. Nikamwuliza Docteur, angalau weusi ule ni wa bluu? Akasema ngozi nyeusi ikipewa bluu nyingi huweza kuongeza weusi, ndiyo. Lakini akasema pia kwamba ukiacha mafuta ya kujichubua, weusi hurudi wenyewe, na mara nyingine hurudi kwa madoa. Tena Espérance anauza nje, kwenye jua lile lile la Papa Marcel. Inaweza kuwa kimoja, inaweza kuwa vyote vitatu. Hakujua. Alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu, na ilikuwa safi.

Kitu kimoja tulikiokoa pale, na nawaomba mkishike hata mkisahau mengine yote. Clarisse alisema hata kama kidude chake kinakosea, hakikosei kwa nusu nzima. Na kipimo cha jua tunajua kinakosea upande gani: bluu inakipita bila kuhesabiwa. Kwa hiyo bluu tuliyompa ilikuwa nyingi kuliko tulivyodhani, kiasi gani hasa hatujui, na matabishi yetu yakawa juu yake. Kipimo sahihi kabisa mimi sijakiona hadi leo. Ila mkijua chenu kinakosea upande gani, mtajua pia mkono wenu uende taratibu upande gani. Tukaondoa bluu. Tukaacha nyekundu, dakika chache, na matabishi yakafa siku hiyo hiyo. Wateja walinuna, wengine wakahamia kwingine.

Ikabaki kumwambia Espérance.

Solange alitaka tumwambie ni kawaida, ngozi inatoa uchafu kwanza, avumilie. Hayo mnayasema hata nyinyi, nimewasikia. Docteur alianza kuandaa maelezo kwa Kifaransa, na Kifaransa chake kikiwa kirefu hivyo maana yake anaogopa. Alipofika, mwanamke yule alikaa kwenye kiti mbele yangu, mkoba mapajani, mikono miwili juu ya mkoba. Nikaona nitasema mimi. Nikawasha taa, nikapanga mezani simu, kipimo cha manjano na kile cheusi, nikamwonyesha kimoja kimoja.

"Uone. Bleu ni moja, majibu ni tatu. Tulifwata ya katikati, ile ya jua, ikatuonyesha ndogo. Tukakuongezea dakika. Juu yake tukakuongezea matabishi."

"Matabishi niliomba mwenyewe."

"Uliomba. Na shiye tulipaswa kukatala. Ile weusi pengine ni ya bleu yetu. Pengine ni ya mafuta yenye kutoka. Pengine ni jua. Tumetosha bleu, haiko tena. Utavaa kofia ku soko. Nyekundu tutaendelea polepole, kama unapenda."

"Na itaisha?"

"Ninawaza itapungua. Siwezi kukuambia lini."

"Donc hamujue."

"Hatujue."

Espérance aliviangalia vile vipimo vitatu, kila kimoja na namba yake. Nikangoja asimame. Nikamwona kabisa akilini mwangu anapita mlangoni na kopo lake jipya.

"Ule mama mwenye alikuwa ananiuzishia mafuta," akasema polepole, "myaka yote ile, hata siku moja hakuniambia 'sijue'. Alikuwa anajua kila kintu. Peau itakuwa hivi, kisha siku fulani itakuwa vile." Akatikisa kichwa. "Niko nachoka na batu ba kujua kila kintu. Nipatie pamba."

Nikampa. Siku nyingine zote nilimfuta mimi. Siku hiyo alijifuta mwenyewe, paji la uso, mashavu, kidevu, mpaka pamba ikatoka safi. Madoa yote yakawa wazi, na makovu ya chunusi, na ile rangi iliyokuwa inarudi kwa vipande. Nikachukua miwani nimvalishe. Akanizuia kwa mkono, akageukia mlango wa barazani.

"Plamedi! Kuya huku."

Mtoto akaja anakimbia, akasimama ghafla katikati ya chumba. Aliutazama ule uso kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yao.

"Mama, ile njo sura yako?"

"Njo yangu."

Plamedi akasogea. Akaweka kidole chake kwenye shavu la mama yake, palipokuwa na weusi, kisha akakitazama kidole, kisha mkono wake mwenyewe, juu na chini.

"Tunafanana," akasema.